Uhunzi wa silaha wa Wachagga

Uhunzi wa silaha wa Wachagga ni ufundi wa kufua mikuki, sime na zana nyingine za chuma uliofanywa na koo za wahunzi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania. Ufundi huo ulistawi hasa kabla ya ukoloni, wakati Uchagga ulipokuwa umegawanyika katika himaya nyingi ndogo zilizotawaliwa na wamangi, kama vile Machame, Kibosho, Moshi (leo Old Moshi), Kilema, Marangu, Mamba na Keni.

Mhunzi wa Kichagga alifanya kazi nyumbani kwake, kwenye kibanda kilichojengwa ndani au kando ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Alifua silaha moja moja kwa ajili ya mtu anayejulikana. Hali hiyo ilibadilika katika nusu ya pili ya karne ya 19, bunduki zilipoanza kupanda mlimani pamoja na misafara kutoka pwani. Mkuki uliweza kufuliwa, kunolewa na kufuliwa upya pale pale mlimani, lakini mtutu wa bunduki na baruti havikuweza. Kwa sababu hiyo historia ya uhunzi huu ni pia historia ya jinsi silaha za Uchagga zilivyotoka mikononi mwa waliozitengeneza na kuingia mikononi mwa waliozileta.

## Asili ya chuma

Kilimanjaro ni mlima wa volkeno wenye udongo mzuri kwa kilimo, lakini wahunzi wake walitegemea chuma kutoka nje. Kwa muda mrefu chuma hicho kilitoka katika Milima ya Upare, upande wa kusini-mashariki, hasa Ugweno.

Wapare hawakuchimba migodi. Walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma uliochukuliwa na mvua na kutuama kwenye vijito. Mchanga huo ulioshwa ili kuondoa udongo mwepesi, kisha ukayeyushwa pamoja na mkaa kwenye tanuri lililopulizwa kwa mivuo. Matokeo yake hayakuwa chuma cha maji kinachomiminwa, bali bonge lenye matundu lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilihitaji kupashwa moto na kupigwa mara nyingi hadi takataka ziishe.

Ukoo mashuhuri wa wahunzi wa Ugweno ni Washana. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochunguzwa na mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, Washana hawakuwa mafundi tu, bali walikuwa na utawala wa Ugweno mpaka walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Hata baada ya kupoteza utawala waliendelea kuwa wahunzi. Jina la Mshana ni la kawaida hadi leo miongoni mwa Wapare.

Chuma cha Upare kilifika Uchagga kwa njia ya kubadilishana, ambapo mifugo na mazao yalitolewa kwa majembe na vipande vya chuma ghafi. Majembe yenyewe yalitumika pia kama mali ya kulipia mahari na madeni katika sehemu nyingi za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Jembe lililochakaa halikutupwa, kwa kuwa mhunzi aliligeuza kuwa kisu, shoka au ncha ya mkuki.

## Karakana na zana

Kibanda cha mhunzi kilikuwa na paa na nguzo, mara nyingi bila kuta kamili ili moshi utoke na watu waweze kukaa na kutazama. Zana zake zilikuwa chache:

- Mivuo miwili ya ngozi ya mbuzi. Msaidizi, mara nyingi mtoto au kijana wa ukoo, aliifungua na kuikandamiza kwa zamu, mkono huu na mkono ule, ili upepo usikatike. Pepo hizo mbili zilikutana kwenye bomba la udongo lililoelekezwa kwenye makaa.
- Fuawe, ambayo ilikuwa jiwe gumu lililozikwa nusu ardhini, au bonge zito la chuma.
- Nyundo. Nyundo kubwa ya kwanza iliweza kuwa jiwe, na nyundo ya kumalizia ilikuwa ya chuma, aghalabu isiyo na mpini.
- Koleo la kushikia chuma chenye moto.
- Patasi ya kukatia, na mawe ya kunolea ya ukali mbalimbali.

Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884 wakati wa utawala wa Mangi Rindi, aliwasifu wahunzi wa Uchagga katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwa kazi nzuri waliyoifanya kwa zana chache.

Hakukuwa na kipimo cha joto. Mhunzi alisoma rangi ya chuma. Chuma chekundu kilichoiva kinakunjika, na kinapokaribia weupe vipande viwili huweza kuunganishwa kwa kupigwa pamoja. Kikizidi hapo hutoa cheche na kuharibika. Ndiyo sababu kibanda kilitiwa kivuli: kwenye jua kali rangi hizo hazionekani vizuri.

## Kufua mkuki

Mkuki wa shujaa wa Kichagga katika karne ya 19 ulifanana sana na ule wa Wamasai. Ulikuwa na sehemu tatu: jani la chuma lenye makali pande mbili na mgongo katikati, uti wa mti wa kushikia, na ncha ndefu ya chuma upande wa chini iliyouwezesha mkuki kusimamishwa ardhini. Uti wa mti ulikuwa mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwani sehemu kubwa ya mkuki ilikuwa chuma.

Mhunzi alianza kwa kurefusha kipande cha chuma kuwa ufito. Upande mmoja aliutandaza kuwa jani, akiacha mgongo katikati usipigwe sana ili ulipe jani nguvu ya kutokupinda. Upande wa pili aliutandaza kama kipepeo kidogo, kisha akaukunja kuzunguka hadi ukawa tundu la kuchomekea uti. Baadaye jani lilisuguliwa juu ya jiwe hadi likang'aa, na likapakwa mafuta lisishike kutu.

Ubora wa mkuki haukupimwa kwa makali peke yake. Ulipimwa pia kwa ulinganifu. Shujaa aliushika katikati, na jani la mbele lilipaswa kulingana kwa uzito na ncha ya nyuma. Ikiwa mbele ni nzito, mkuki unaporushwa huinamia chini mapema, na ikiwa nyuma ni nzito, huyumba. Marekebisho yalifanyika mbele ya mwenye mkuki: kupunguza chuma kidogo kwenye ncha ya chini, kubadili urefu wa uti, au kunyoosha jani lililopinda. Kwa kuwa chuma cha zamani kilikuwa laini, mkuki uliogonga mfupa au ngao uliweza kupinda, na mwenyewe aliurudisha kibandani kunyooshwa.

Pamoja na mikuki, wahunzi walifua sime, visu, mishale, kengele za mifugo, mikufu na bangili. Kwa matumizi ya kila siku walitengeneza mashoka, majembe na miundu. Zana hizo zilikuwa na umuhimu wake, kwa kuwa bila chuma ilikuwa vigumu kusafisha msitu na kuchimba mifereji inayopeleka maji kwenye vihamba.

Wanunuzi hawakuwa Wachagga tu. Wamasai walikuwa na wahunzi wao wenyewe wanaoitwa Il-kunono, lakini walinunua pia mikuki kutoka kwa wahunzi wa mlimani. Kwa hiyo mkuki uliofuliwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro uliweza kurudi mlimani mikononi mwa wavamizi wa ng'ombe.

## Hadhi ya mhunzi

Uhunzi ulirithiwa ndani ya ukoo. Mtoto alianza kwa kuvuta mivuo, akaendelea kwa kushika koleo, na hatimaye akakabidhiwa nyundo. Mtu wa nje hakuingia kwa urahisi katika kazi hiyo.

Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyeishi Kilimanjaro kwa miaka mingi tangu mwaka 1902, aliandika makala ya mwaka 1912 kuhusu mhunzi na sanaa yake katika imani za Wachagga. Aliwaeleza wahunzi kuwa watu walioheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Nyundo na mivuo vilihesabiwa kuwa na nguvu, na laana iliyotolewa kwa nyundo ya mhunzi ilikuwa kati ya zile zilizoogopwa zaidi. Bangili na pete za chuma zilitumika kama kinga na pia kama alama za mapatano.

Hofu hiyo ilikuwa na maana katika maisha ya kila siku. Mhunzi alikuwa mtu aliyeweza kumpa silaha yeyote, naye alihitajiwa na wote. Hadhi yake ya pekee ilimlinda asidhulumiwe kirahisi, na kwa upande mwingine ilimweka mbali kidogo na majirani zake.

## Senyenge za misafara

Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa, Pangani na Tanga ilipita Kilimanjaro mara kwa mara ikitafuta pembe za ndovu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipofika mlimani, njia hizo zilikuwa tayari zinajulikana na wafanyabiashara wa pwani.

Pamoja na nguo na shanga, misafara ilileta senyenge, yaani nyaya nene za chuma zilizotengenezwa Ulaya. Wahunzi waliziona senyenge kuwa chuma kilicho tayari. Hazikuwa na takataka za kuondoa wala hazikuhitaji safari ya Upare. Vipande kadhaa vilifungwa pamoja, vikapashwa moto na kupigwa hadi vikawa kitu kimoja, kisha vikafuliwa kuwa mikuki na mikufu.

Badiliko hili lilikuwa la kwanza. Ufundi ulibaki mlimani, lakini chanzo cha malighafi kilihama kutoka kwa majirani wa Upare kwenda kwenye viwanda vya mbali, kupitia kwa mfanyabiashara wa pwani na kwa mangi aliyempokea.

## Kuingia kwa bunduki

Badiliko la pili lilikuwa bunduki. Aina iliyoenea zaidi ni gobore, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti mtutuni, hutia kizibo na risasi au marisau, kisha hushindilia kwa ufito. Katika gobore za zamani, ziitwazo bunduki za gumegume, cheche ilitoka kwenye jiwe, na katika zile za baadaye ilitoka kwenye fataki. Kushindilia kulichukua muda, na mvua iliweza kuharibu baruti. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yenye mvua nyingi na migomba iliyosongamana, shujaa mwenye mkuki hakuwa mnyonge mbele ya mtu mwenye gobore.

Bandari ya Zanzibar ilikuwa mlango mkuu wa biashara hiyo. Majeshi ya Ulaya yalipobadili bunduki zao katika nusu ya pili ya karne ya 19, mamia ya maelfu ya bunduki za zamani yaliuzwa kwa bei ndogo, na nyingi zilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka.

Wamangi wenye uhusiano mzuri na misafara walipata bunduki kwanza. Rindi wa Moshi, aliyejulikana kwa wageni kama Mandara, na Sina wa Kibosho walishindana kwa miaka mingi, na kila mmoja alitafuta bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, ng'ombe na watu waliotekwa. Bunduki zilikaa chini ya usimamizi wa mangi, naye akazigawa kwa mashujaa aliowaamini. Mkuki ulikuwa mali ya shujaa. Bunduki ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, mali ya mtawala.

Mhunzi hakuachwa kabisa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wahunzi walijifunza kubadilisha kitako kilichovunjika, kurekebisha mtambo, na kufua vipande vya chuma vya kutumia badala ya risasi. Lakini kulikuwa na mipaka ambayo ustadi wa mikono haukuivuka. Mtutu unahitaji bomba lililonyooka na lenye nguvu sawa kila mahali, linaloweza kuhimili mlipuko bila kupasuka.  Baruti na fataki nazo zilitoka pwani. Bunduki iliyokosa baruti ilikuwa rungu la gharama kubwa, na aliyeweza kufunga njia ya baruti aliweza kuzinyamazisha bunduki zote za mlimani bila vita.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana katika Mkataba wa Brussels kuzuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti. Hivyo serikali za kikoloni zilibaki na silaha bora, na wenyeji walibaki na zile za zamani.

## Vita dhidi ya Wajerumani

Mwezi Februari 1891 kikosi cha Hermann von Wissmann kilimshambulia Sina huko Kibosho, aliyekuwa na boma la mawe. Boma hilo lilitekwa na Sina akakubali masharti ya Wajerumani. Rindi alifariki mwaka huo huo na kurithiwa na mwanawe Meli.

Mwezi Juni 1892 mashujaa wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Moshi, na kiongozi wake von Bülow akauawa. Wajerumani waliondoka Moshi kwa muda. Ushindi huo ulipatikana kwa bunduki na mikuki kwa pamoja, na kwa ujuzi wa njia za migombani. Mwezi Agosti 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi na Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli na viongozi wengine walinyongwa huko Old Moshi kwa kushtakiwa kula njama dhidi ya serikali ya Kijerumani.

Baada ya vita hivyo umiliki wa bunduki ukawa jambo la kibali. Mikuki iliendelea kuwapo, lakini kazi yake ya vita ilikwisha. Baadhi ya mikuki ya wakati huo ilichukuliwa na wasafiri, maafisa na wamisionari, na leo imo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

## Kupungua kwa uhunzi

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Ilileta majembe, mapanga na mashoka ya kiwandani kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Uyeyushaji wa chuma Upare ulikuwa tayari umedhoofishwa na senyenge na chuma cha nje, na sasa ukafa. Vijana wa koo za wahunzi walivutwa na shule za misheni, kilimo cha kahawa na kazi za mshahara mjini.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kujenga ufundi wa chuma kwa njia nyingine. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Moshi, na katika Wilaya ya Hai kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools cha kutengeneza mashine na vipuri.

## Uhunzi leo

Uhunzi wa asili haujatoweka. Mamba, karibu na Marangu, inajulikana kwa wahunzi wake, na watalii wanaokuja kupanda mlima hupelekwa kuwatazama wakifanya kazi. Mivuo ya ngozi bado hutumika, hasa mbele ya wageni. Malighafi ni chuma chakavu, nondo na springi za magari. Springi ina chuma cha pua, ambacho hushika makali kuliko chuma cha Upare au senyenge, lakini kikipozwa vibaya huvunjika badala ya kupinda. Hivyo mhunzi wa leo amelazimika kujifunza tabia za chuma ambacho babu yake hakukijua.

Bidhaa zinazonunuliwa zaidi ni visu, miundu, mapanga na kengele za ng'ombe. Mikuki na sime huuzwa kwa Wamasai na kwa watalii. Mkuki wa mtalii huweza kutengenezwa kwa vipande vinavyofunguka ili uingie kwenye mzigo wa ndege, na hakuna anayeuliza kama unalingana mkononi. Ujuzi wa kulinganisha mkuki unahifadhiwa na wateja wachache wanaoutumia kweli, hasa wafugaji. Wateja hao wakikosekana, sehemu hiyo ya ufundi inaweza kupotea hata kama vibanda vitaendelea kufuka moshi.

## Silaha za moto na sheria

Magobore ya kutengenezwa kienyeji bado hupatikana katika mikoa mbalimbali ya Tanzania, mengi yakitumika kwa uwindaji haramu. Mitutu yake hutokana na mabomba ambayo hayakukusudiwa kuhimili mlipuko, kwa hiyo huweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji mwenyewe.

Utengenezaji, ukarabati na umiliki wa silaha za moto nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Fundi bunduki anahitaji leseni, na mwenye bunduki anahitaji kibali, hata kama ni gobore la kurithi. Tanzania pia ni mshiriki wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo. Mara kwa mara serikali hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanyika mwezi Septemba na Oktoba 2022.

Mikuki, sime na mapanga si silaha za moto, na mhunzi anaendelea kuvifua kibandani kwake bila leseni ya fundi bunduki.